Duane ya Flashi

Kwa wiki za mwanzo baada ya Émérence kuondoka, wanafunzi waliendelea kusimama mlangoni. Asubuhi, kabla mwenye zamu hajafika, hakukuwa na mtu wa kuwasimamisha. Walifika na flashi zao mkononi, au zikining'inia shingoni kwa kamba, wakatulia kabla ya kizingiti wakingoja kuulizwa. Swali halikuja. Kilichosikika ni feni ya ile mashine kuukuu ya mlangoni ikikoroma, na nje, chini ya kilima, pikipiki zikishuka kuelekea bandarini. Halafu mmoja alikohoa, akacheka kwa aibu, akajiuliza mwenyewe kwa sauti: "Umetoka nayo wapi?" Wenzake wakacheka. Lakini hakuna aliyevuka kabla ya kujibu.

Swali hilo lilikuwa la Émérence. Kwa miaka aliliuliza kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, akiwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha kompyuta cha taasisi moja ya elimu ya juu hapa Kalemie. Mwanafunzi akisema flashi imetoka nyumbani, aliulizwa kabla ya nyumbani ilikuwa wapi. Polepole safari nzima ikajitokeza. Ilipita kwenye kibanda cha kuchapia kazi karibu na stesheni. Ikaazimwa na binamu aliyetaka filamu zilizovuka kutoka Kigoma. Ikalala kwa Willy, kiongozi wa promosyo, yaani wa darasa lao, maana profesa aliyekuja kutoka Lubumbashi kufundisha kwa muda mfupi alikuwa amemwachia kozi yote kwenye flashi moja, na flashi hiyo ilizunguka darasa zima hadi jua likatua.

Ndivyo ilivyo kwetu. Flashi ni kama mkono wa salamu, huwezi kuukataa. Anayesema "hapana, yangu siichomeki kwako" anaonekana amekutukana, wewe na mama yako. Kwa hiyo virusi vilitembea mjini bila kuchoka, vikipita mlemle inamopita heshima.

Émérence alizaliwa hapa, binti wa mtu wa reli aliyetokea Kongolo. Baba alikufa angali mdogo. Mama yake, Jeannette, alimsomesha kwa ndakala, wale samaki wadogo wanaokaushwa kwenye mchanga wa ziwa. Minerval, yaani ada yote ya chuo cha Lubumbashi, ambako binti alisomea kompyuta, ilinukia ndakala. Aliporudi na diploma yake, wengi walidhani angetafuta kazi kwenye moja ya mashirika yenye magari meupe. Akachukua kazi ya kutunza chumba cha mashine, na hakueleza kwa nini. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa mikono na mkali wa macho, mwenye kusikiliza huku ameinamisha kichwa kana kwamba anayesema naye ni redio yenye sauti ndogo.

Mwaka wake wa kwanza chumba kiliugua mara kwa mara. Dawa ilikuwa moja tu: kumwita Djo, fundi wa mjini, aje kufomati, yaani kufuta kila kitu ndani ya mashine na kuanza upya. Djo hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichoitiwa, tena haraka, akipiga mluzi. Wanafunzi walisimama barazani wakitazama miezi yao ya kazi ikifutwa, halafu wakapandisha mabega, kama umeme ulikuwa umekatika tu, wakarudi kuandika ukurasa wa kwanza.

Mabega yale ndiyo yaliyomkosesha Émérence raha. Mji wetu umejifunza kupoteza. Ziwa limepanda likachukua nyumba za kando, na waliohama wamehama bila kelele, wamebeba milango yao vichwani. Reli hulala siku nyingi kuliko inavyotembea. Watu wamekimbia vita, wakarudi, wakakimbia tena. Yeye aliwatazama vijana wale barazani akaona kwamba walikuwa wamejifunza somo hilo vizuri kupita yote waliyofundishwa darasani, na akatamani wasilikumbuke tena.

Ndipo alipoomba mashine iliyotupwa stoo. Aliitoa vumbi, akaitia mfumo mwingine, usiofanana na ule wa mashine za ndani, mfumo ambao virusi vya mjini havikujua jinsi ya kuuingia. Hakuiunganisha na kitu chochote. Akaiweka kwenye meza ya mlangoni. Flashi ikichomekwa humo, kila kilichofichwa kilionekana: faili za mwanafunzi upande mmoja, na katikati yake kile kitu kigeni chenye jina la ovyo, kimejilaza kama nyoka kwenye kuni. Émérence alikifuta mbele ya mwenyewe, akamrudishia flashi yake, akampisha aingie.

Haikuwachukua wanafunzi muda kumpa jina. Walimwita Mama Duane, yaani mama wa forodha. Kila mtu hapa ana ndugu aliyesimama bandarini akingoja mzigo wake ukaguliwe, kwa hiyo utani ulikuwa tayari.

"Mama Duane, sina kitu cha kudeklare," Willy alizoea kusema, mikono juu, kwa lafudhi yetu isemayo njo badala ya ndiyo. "Njo nguo za mwili tu."

"Na hiyo iliyo mfukoni?"

"Hiyo ni ya kwangu binafsi, Mama."

"Zilete zote mbili, hiyo na ya mkononi. Umetoka nazo wapi?"

Chumba kikapona. Kilikaa mwaka, kikaelekea mwingine, bila Djo kuitwa. Mara moja tu, wakati Émérence alipokuwa amekwenda kula, wanafunzi wawili walijipitisha na flashi ya video za harusi, na mashine tatu zikalala. Mkurugenzi, Papa Célestin, mzee mwenye sauti ya chini aliyepata mashine zile kwa kuombaomba katika biro nyingi, ofisi baada ya ofisi, alikuja kusimama katikati ya chumba. Alisema hana nguvu za kuomba mara ya pili. Ugonjwa ukirudi tena, alisema, Djo atafuta kila kitu, mlango utafungwa hadi mwaka mwingine wa masomo, na ufunguo utakaa kwenye droo yake. Hakuna aliyedhani anatania.

Basi ilikuwa Jumatano, msimu wa kazi za mwisho, zile tunazoziita TFC, ambazo mwanafunzi asipozikabidhi kwa wakati hungoja mwaka mzima. Mlangoni palikuwa na msururu. Mama Jeannette akaja akipanda kilima, akihema, amevaa kitenge cha kwaya. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya parokia yao, na Jumapili padri mpya, mtoto wa mtaa, angepewa daraja. Vitabu vya nyimbo vilikuwa havijachapwa. Mashine ya parokia imegoma. Wanakwaya wanangoja kanisani wamekunja mikono. Alipita msururu wote akisalimia kwa baraka, akanyoosha flashi yenye medali ndogo ya Bikira imefungwa kwa uzi wa buluu.

"Émé, mutoto wangu, usinikawize. Ao nami utaniuliza nimetoka wapi?"

Wanafunzi wakacheka. Émérence naye akacheka, na huku akicheka mkono wake ulipokea flashi, ukaipitisha juu ya mashine ya mlangoni, ukaenda kuichomeka kwenye mashine ya dirishani, iliyo karibu na mtambo wa kuchapa. Huwezi kusema alifikiri. Ilikuwa flashi ya parokia. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za misa na picha za komunyo ya kwanza. Huku kwetu mtu akibeba kikapu cha vitambaa vya altare hakuna anayekifunua aone kilicho chini, na mtoto anayekagua mkono wa mama yake, huyo amelelewa na nani? Vitabu vikatoka, vingi, vikiwa bado na joto. Mama Jeannette akaviweka kichwani akashuka navyo kilima, akiimba.

Ijumaa asubuhi Claudine alikuwa wa kwanza kufungua mashine. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtulivu, anayeandika juu ya wanawake wanaokausha ndakala na jinsi mvua inavyowaharibia. Alisogeza uso karibu na kioo, akamwita Émérence.

"Mama, folda zangu zimeota mishale."

Na kweli. Kwenye kona ya kila folda palikuwa na kishale kidogo, na ukiibonyeza folda hakuna kilichofunguka. Mashine ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu, maana mashine za ndani zilikuwa zimeunganishwa, na flashi za waliokwisha kuruhusiwa kuingia zilikuwa zimezunguka humo tangu Jumatano. Chumba kilijaa kelele. Émérence aliwaambia wasiguse kitu. Lakini hofu ina miguu: wachache walikuwa wamekwisha kuchomoa flashi zao na kukimbilia mjini kutafuta fundi, na Claudine alikuwa miongoni mwao.

Habari ilimfikia Papa Célestin kabla ya saa sita. Akamtuma mtu kwa Djo: aje kesho, afute chumba chote.

Émérence alikaa peke yake mbele ya mashine ya dirishani. Huko ndiko kishale cha kwanza kilikozaliwa; tarehe ilisema Jumatano, saa ya alasiri. Alijua kabla ya kujua. Alishuka nyumbani kwa pikipiki, akaifungua flashi yenye medali kutoka kwenye ufunguo wa mama yake bila kusema neno, akapanda nayo tena, akaichomeka kwenye mashine ya mlangoni, pale ilipopaswa kuanzia. Kitu kile kilikuwa humo, katikati ya nyimbo, kimejilaza.

Alikaa akikitazama. Kupitia dirishani ziwa lilikuwa jeupe na tambarare, halina habari ya mtu. Angeweza kunyamaza. Djo angekuja kesho akipiga mluzi, angefuta, na pamoja na kazi za wanafunzi angefuta tarehe ile ya Jumatano. Mlango ungefungwa, watu wangesema mjini kuna virusi vingi siku hizi, na jina la Mama Duane lingebaki safi. Vijana wangepandisha mabega. Hapo ndipo aliposhindwa, kwenye mabega.

Na alikijua kitu kile. Kirusi hiki hakili kazi ya mtu. Kinaificha tu, na mahali pake kinaweka kishale cha uongo. Kazi zote zilikuwa mlemle ndani, nzima, chini ya pazia. Kitakachoziua ni dawa.

Papa Célestin alimsikiliza bila kuinua macho kwenye karatasi zake, mpaka alipofika kwenye kwaya. Hapo aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo duane yenyewe njo ilipitisha magendo."

"Ndiyo, Papa."

"Kwa mkono wake."

"Kwa mkono wangu. Lakini Djo akifuta, kazi za watoto zitakufa kweli. Sasa zimefichwa tu. Unipe hadi Jumatatu, Papa. Zikikosekana, mlango uufunge, na mimi uniondoe."

Mzee alitazama dari. Alisema, kama anayejisemea, kwamba mke wake pia anaimba katika kwaya ile, na kwamba kitabu cha nyimbo kiko nyumbani kwake tangu juzi, kizuri sana. Halafu akasema Jumatatu mchana, si zaidi, na maneno ya kuondoka yeye Émérence ameyatamka mwenyewe, asije kuyasahau.

Kuwaambia wanafunzi kulimwia vigumu kuliko kumwambia mkurugenzi. Aliwakusanya barazani akawaeleza bila kupamba: flashi ya mama yangu, mkono wangu, Jumatano. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja wa nyuma alinung'unika kwamba wao walikuwa wakivuliwa hadi mifuko. Willy akamgeukia Émérence, na safari hii mikono yake haikuwa juu.

"Sisi ulitukagua kila siku, Mama. Wewe nani alikukagua?"

"Hakuna," alisema Émérence.

 Willy aliingia ndani akavuta kiti, akauliza waanzie mashine gani.

Jumamosi yote walifanya kazi. Émérence aliwaonyesha mara moja: kwanza kuiondoa mashine kwenye mtandao wa chumba, kukikamata kirusi chenyewe kinakojificha na kukifuta, kisha kuandika amri moja fupi kwenye dirisha jeusi lililofunguka juu ya kioo, na kungoja. Folda ziliibuka moja moja, hafifu kwanza, halafu imara, kama mawe ya ufukoni maji yanapoteremka. Kila jina lilipotokea, mwenye jina aliitwa. Walikuja wakagusa kioo. Hakuna kazi iliyorudishwa kwenye mashine za ndani kabla haijanakiliwa kwenye ile ya mlangoni, na kila flashi ilipitia hapo kwanza, bila kujali ni ya nani.

Kazi ya Claudine ndiyo haikurudi. Kule mjini Ijumaa, kwa hofu, alikuwa amemwachia fundi afomati flashi yake, na kwenye mashine ya chumba alikuwa ameacha sura mbili za mwanzo tu. Zilizobaki zilikuwa kwenye karatasi, zimejaa wino mwekundu wa mwalimu wake. Alizishika kifuani na akapandisha mabega.

"Si kitu, Mama. Nitangoja mwaka kesho."

"Ngoja basi, lakini si mwaka," alisema Émérence, akazichukua karatasi mkononi mwake, akazitazama, akazigawa kama mtu anayegawa karata. Willy alipata sura ya tatu akalalamika kwamba mwandiko wa mwalimu ni wa daktari. Mwingine alipata majedwali ya bei za chumvi. Jumapili asubuhi kengele za parokia zililia kwa ajili ya padri mpya, na juu ya kilima klavye za kompyuta zilikuwa zikigonga kama mvua ya kwanza kwenye bati. Claudine alitembea nyuma ya viti, akiwasomea wenzake maneno waliyoshindwa kuyasoma, na pole pole sauti yake ikapanda.

Émérence hakwenda misa. Ilikuwa mara ya kwanza mama yake kuimba siku kubwa bila binti yake kwenye benchi la tatu. Alasiri Mama Jeannette alipanda kilima na sufuria ya wali na samaki, bado amevaa kitenge cha kwaya, akakuta Willy amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Mama," alisema Willy. "Flashi?"

"Iko na yeye, anayo tangu juzi. Ameniibia."

"Lakini ulitoka nayo wapi?"

 Mama Jeannette alishusha sufuria. Kwanza alitaka kukasirika, uso wake ulionyesha hivyo. Halafu alimwona binti yake kule ndani, macho mekundu, nywele zimefungwa ovyo kwa kitambaa.

"Kwa mpiga kinanda," alisema mwishowe.

"Na mpiga kinanda?"

"Aliipeleka pale stesheni, waweke muziki. Na mutoto wake aliweka miziki yake ya Kigoma." Akafikiri. "Kumbe hata sisi wa kwaya tunatembea hivi."

"Tunatembea wote, Mama," alisema Willy, akampisha. Wakala wali kwa mikono, wakinawa kwenye ndoo moja, mbali na mashine.

Jumatatu mchana Papa Célestin alikuja bila Djo. Alikaa mwenyewe kwenye mashine ya dirishani, akafungua folda, akafunga, akafungua nyingine. Alisoma ukurasa mzima wa kazi ya Claudine juu ya mvua na ndakala, midomo ikicheza, kisha akauliza kwa nini sura ya tatu inatumia koma nyingi hivyo. Willy aliangalia sakafu. Mzee aliinuka, akasema chumba kitabaki wazi, na akatoka. Alipofika mlangoni alirudi hatua moja, akatoa flashi yake mwenyewe mfukoni, akaiweka juu ya meza ya mlangoni, akasema atapita kuichukua jioni.

Tangu siku hiyo kanuni ilibadilika. Hakuna aliyekagua flashi yake wala ya ndugu yake. Wanafunzi walipokezana mlangoni, na flashi ya Émérence ilisimama kwenye msururu kama ya wengine. Miezi ilipita. Claudine alitetea kazi yake mbele ya jopo akiwa na viatu vya kuazima, akapata alama nzuri. Barazani waliacha kumwita Mama Duane, wakarudia, maana jina jingine halikumkaa.

Halafu masista wa Kongolo wakaandika kutafuta mtu. Walikuwa wamepata mashine kwa ajili ya shule yao, na mashine zilikuwa zimelala zote kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Mama Jeannette aliposikia alisema ni kwao kwa baba yake Émérence, na kwamba hata huko lazima watu wanakula ndakala. Émérence aliuliza swali moja tu kwa Willy, kama wataweza. Willy alimjibu kwamba tayari wanaweza, yeye njo hajaona. Treni ilichelewa kwa siku kadhaa, halafu ikaondoka.

Sasa Émérence anaishi Kongolo, karibu na daraja la Lualaba, na anafundisha kompyuta katika shule ya masista.